Jioni, Ngozi Juu

Upande wa mnara wa taa, ng'ambo ya bandari ya Louisbourg
17 Juni 1758

Kwako Mama,

Pokea salamu zangu, zile nilizozilimbikiza kwa miaka kumi na mitatu. Mimi mzima wa afya, mgongo tu unaniuma kwa kufua. Hali yako siijui. Sijui hata kama hapa namsalimia mtu aliye hai, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Ni mimi, Mathurine. Sikuandikii kutoka Marblehead nilikoolewa. Nipo hapa hapa, Mama, ng'ambo ya maji, nauona mji wote mbele yangu. Nimekuja na jeshi la Waingereza. Mume wangu Obed ni seremala, wamemchukua kupigilia sakafu za mbao za kuwekea mizinga, nami nimeandikwa kufua nguo za maofisa. Usiitupe barua kabla hujaimaliza. Nakujua.

Leo mpiga ngoma anavuka na bendera nyeupe kupeleka barua za majeruhi wenu waliotekwa. Karani ameniruhusu nitie na yangu, mradi niiache wazi, maana itasomwa huku na itasomwa huko. Basi bwana ofisa unayesoma, shikamoo, na ukimaliza nakuomba umpelekee mama yangu, Perrine Lescourt, mjane wa Lescourt mvuvi, mwenye chanja za kukaushia samaki upande wa kaskazini wa bandari.

Tulipokuwa bado melini tuliona moshi mwingi upande ule ule wa kaskazini. Kulipokucha nilitafuta paa letu nisilione. Nilitafuta chanja nisizione. Tangu siku hiyo bakuli langu linarudi limejaa.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nataka neno moja tu: upo? Kama hutaki kuniandikia, tundika shuka jeupe popote panapoelekea bandarini. Nitaliona nikiwa hapa ninapofulia.

Mwanao,
Mathurine


Louisbourg, ndani ya ukuta
20 Juni 1758

Mathurine,

Barua yako imefika. Inanuka tumbaku ya kila mwanamume aliyeisoma njiani.

Mimi mzima. Magoti yananiuma kama yalivyokuwa yakiniuma ulipokuwa nyumbani, na mizinga yenu hainipi usingizi, lakini nakula, naamka, nasali. Nadhani ndilo ulilouliza.

Shuka jeupe! Umekaa na Waingereza mpaka umesahau kwamba bendera ya mfalme wako wa Ufaransa ni nyeupe? Kila mlingoti hapa una shuka jeupe. Nikitundika na mimi langu, huku watadhani nimejitangazia ufalme wangu mwenyewe, na nyie huko mtadhani mji umesalimu amri, mje mbio na mabuti yenu.

Nyumba haikuchomwa na Waingereza. Tumeichoma wenyewe. Ilitoka amri kwamba nyumba zote za nje ya ukuta ziteketezwe, adui asipate pa kujificha. Alikuja askari mmoja na mwenge, amekonda, anasema, "Mama, samahani sana." Nikamwambia, "Lete hapa. Nyumba hii nimeijenga na marehemu, najua inaposhika moto." Nikaanzia jikoni. Kitanda chako kilikuwa bado kipo.

Samaki nimewaokoa, karibu nusu. Niliwasukuma kwa mkokoteni safari kumi na moja, watu wengine wakiokoa vioo na makabati yao na kunicheka. Chewa wangu walikuwa na jua la siku nne tu, chumvi bado inawatoka, na ng'onda wa siku nne ukimwacha kwenye giza anaoza. Nimewatandaza kwenye changarawe chini ya gati, mbele ya mji, pale panapotazamana na mnara wa taa.

Basi kama unataka kujua kama nipo, usihangaike na mashuka. Tazama samaki. Asubuhi umande ukikauka nawageuza nyama juu. Jioni kabla jua halijazama nawageuza ngozi juu. Ikinyesha nawarundika. Katika mji huu wa maofisa na mawakili hakuna mwingine anayeijua kazi hiyo wala anayeitaka. Asubuhi utaona ufuo mweupe, jioni utaona wa kijivu.

Kama bado unakumbuka.

Perrine Lescourt, mjane


Mnara wa taa
24 Juni 1758

Mama yangu mpenzi,

Salamu na shukrani. Mimi mzima, na leo nimekula bakuli mbili.

Nimekuona! Siku ile ile barua ilipofika nilipanda juu ya mwamba kabla jua halijazama. Ufuo wa chini ya gati ulikuwa mweupe. Nikasubiri. Kisha ukaanza kubadilika kutoka upande wa kushoto, safu moja, safu nyingine, mpaka wote ukawa wa kijivu. Unaanzia kushoto bado! Nililia mpaka Kezia, mwenzangu tunayefua naye, akadhani nimepata habari ya msiba. Nikamwambia, "Mama yangu anageuza samaki." Akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili, ingawa yeye mwenyewe ni mtoto wa mvuvi. Kwao mwenye mali hageuzi, wanageuza vibarua.

Jana mpiga mzinga mmoja aliniazima darubini yake, nimemlipa kwa kumpigia pasi kola. Nimeona kofia nyeupe na mgongo ulioinama. Hukugeuka. Sikuuona uso.

Mama, niache niseme lile jambo, maana nimelibeba vya kutosha. Ile siku ya mwaka 1745, Waingereza walipouchukua mji mara ya kwanza na kuwapakia watu wote melini kwenda Ufaransa, sikupotea. Nilikuwa ndani ya pipa la chumvi nyuma ya ghala, pipa tupu lile lililopasuka mdomo. Nilikusikia ukiniita. Ulipita karibu kiasi kwamba niliona pindo la sketi yako kwenye ule ufa. Sikuitika. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nampenda askari wa upande wa pili, huyu huyu Obed, na nilijua nikiuona uso wako tu nitakufuata. Ndiyo maana niliyafumba macho.

Obed ni mtu mwema. Hanywi sana. Tuna watoto watatu, wapo kwa mama yake Marblehead. Enoch ana miaka kumi na mmoja, Mercy ana minane. Wa tatu nimempa jina lako. Watu wa kule hawawezi kulitamka, wanamwita Perri, naye anaitika.

Sasa nakuomba kitu. Usishuke tena pale ufukoni. Najua upo, imetosha. Wapiga mizinga wa hapa wanailenga ngome ya kisiwani, mlangoni mwa bandari, lakini mabomu mengine yanapitiliza. Nimeyaona yakianguka majini karibu na gati. Waache samaki waoze, Mama.

Mwanao anayekupenda,
Mathurine


Louisbourg
29 Juni 1758

Kwako Mathurine,

Natumaini mgongo umepoa. Mimi sijambo, ila kuna vumbi la chokaa katika kila ninachokula. Bomu lilianguka jikoni kwa wakili tunayekaa kwake, likachukua sufuria ya mbaazi na halikumgusa mpishi. Mpishi analilia sufuria.

"Waache samaki waoze." Nimeisoma mara mbili nione kama ni wewe uliyeandika. Ndivyo wanavyosema huko kwenu? Nimekulea kwa samaki hawa. Na nikiacha kugeuza, utajuaje kama nipo? Bendera za kupeleka barua zinapungua, ofisa anaanza kununa kila nikimpelekea karatasi. Niache na kazi yangu. Siku utakayoona ufuo mtupu, ujue sipo, uniombee, uendelee na maisha yako.

Sasa na mimi niseme langu.

Wewe unakumbuka pipa. Mimi nakumbuka sitaha ya meli. Nilipanda mwisho kabisa. Nilitandika shali langu ubavuni mwangu, upande unaotazama nchi kavu, nikasema Mathurine anakuja. Nanga iling'olewa, nikasema amepanda meli nyingine. Watu walikuwa wamebanana, mama wa watu amesimama na kitoto mgongoni, anataka kukaa pale penye shali. Nikamwambia pana mwenyewe. Wiki saba, Mathurine. Mpaka tumeshuka La Rochelle nimekushikia nafasi, na watu wakaniogopa, wakaacha kuomba.

Mwaka wa kwanza nilikuombea kama mtu aliyezama. Mwaka wa pili nahodha mmoja akaniambia, "Binti yako? Ameolewa na seremala, amenenepa." Ungedhani ningefurahi. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimeshakulilia, na kilio kile sikujua nikirudishe wapi.

Tuliporudishiwa mji nilirudi, nikatengeneza chanja, nikatandika kitanda chako. Miaka tisa nimekaa na nyumba ile peke yangu. Majirani waliniambia nikipangishe chumba. Nikawaambia paa linavuja. Lilikuwa halivuji.

Huyo Perri, ana nywele za nani?

Perrine, aliyekuzaa


Mnara wa taa
6 Julai 1758

Mama yangu,

Salamu. Perri ana nywele zako, nyeusi na hazishiki kitana. Ana ulimi wako pia, Mungu amsaidie atakayemwoa.

Barua yako nimeilalia chini ya kichwa. Nimeisoma mpaka Kezia, ambaye hajui Kifaransa hata neno, sasa anajua palipo neno "shali", maana kila nikifika pale naliwekea kidole.

Siku nne za ukungu. Sikuona mji, sikuona hata beseni langu mwenyewe. Mizinga ilikuwa inapigwa ovyo kwenye weupe ule, nami nimekaa juu ya mwamba na nguo za watu hazijafuliwa. Jana mchana umeinuka. Pale chini ya gati kulikuwa na marundo saba yaliyofunikwa vizuri na magome ya miti, na mtu mdogo mwenye kofia anaanza kuyafungua. Nikasema, huyo ni mama, hajaamini kama ukungu umekwisha, anafungua rundo moja kwanza. Ukafungua moja kwanza.

Nina habari mbaya. Obed ameumia. Boriti ya sakafu ya mzinga ilimwangukia juu ya goti. Mganga hajaukata mguu lakini anauangalia kila asubuhi kwa namna nisiyoipenda. Wamesema majeruhi wasioweza kazi watapelekwa Boston kwa meli itakayoondoka katikati ya mwezi huu, na mke aende na mumewe akitaka. Nimemwambia mganga nina kazi hapa. Akasema, kufua? Nikasema ndiyo, kufua.

Obed anajua. Amesema, "Kaa. Nitalala tu melini, sihitaji mtu wa kunitazama nikilala." Ana homa na anasema hivyo. Lakini kama yuko hivi na wewe upo, nitakaa, Mama. Nimeamua. Watu wote hapa wanasema mji hautafika mwisho wa mwezi. Siku milango itakapofunguliwa nitapita kwenye mlango wa gatini kabla ya mtu yeyote. Usitoke hapo. Simama pale pale chini kwenye changarawe, uniite kwa jina, kwa ile sauti yako ya kuwatisha shakwe.

Safari hii nitaitika.

Mwanao,
Mathurine


Mnara wa taa
11 Julai 1758

Mama,

Salamu zangu. Mguu wa Obed bado. Mimi sijui nikwambieje hali yangu.

Karani anasema hakuna bendera inayovuka tena, wakubwa wamekasirikiana. Naandika hivyo hivyo.

Tarehe 8 asubuhi ufuo ulikuwa mweupe. Jioni ulikuwa mtupu. Nikasema labda ni mvua, amewarundika mahali. Hakukuwa na mvua. Tarehe 9 mtupu. Jana mtupu. Leo nimempa mpiga mzinga shati jipya la Obed ili anipe darubini kwa muda wote ninaotaka. Nimeona changarawe. Nimeona shimo, pale safu ya tatu ilipokuwa, na mawe meusi kulizunguka. Nimeona shakwe wanatembea ovyo, hakuna anayewafukuza.

Nilikuandikia uache. Ungeacha tu kwa kuwa nilikuomba, ungeniambia kwa barua. Lakini barua haziji. Naizungusha hivyo kichwani kutwa. Halafu nakumbuka ulivyoandika, siku utakayoona ufuo mtupu, ujue.

Labda umeumwa. Labda samaki wamekauka tayari, umewaweka ghalani. Nimehesabu siku za jua, Mama. Walikuwa bado na siku sita. Usingewatoa kabla.

Nasubiri mpaka tarehe 15. Geuza hata mmoja. Nitamwona.

Mathurine


Mnara wa taa
16 Julai 1758

Kwa marehemu Mama yangu, Perrine Lescourt,

Leo sikusalimii, kwa kuwa sijui wafu wanasalimiwaje kwa barua. Padri hayupo huku, watu wa hapa hawamwombei aliyekufa, nami nimesali peke yangu nyuma ya kamba za nguo, nikakosea maneno.

Meli ya majeruhi inaondoka alasiri. Nakwenda na Obed. Homa imempanda, sina tena sababu ya kumwacha aende peke yake. Barua hii namwachia Kezia, pamoja na ile ya tarehe 11 ambayo haikuvuka. Atabaki na jeshi mpaka mwisho, na mji ukifunguliwa atawatafuta masista wa hospitali awape, waziweke ulipozikwa. Nimemfundisha jina lako mpaka analisema vizuri.

Ulikuwa mkali, Mama, na nilikuogopa. Lakini sijawahi kuona mtu aliyejua kazi kama wewe. Ulikuwa unaweka kiganja juu ya samaki na kusema bado, na kweli ilikuwa bado. Uliniwekea mkono hivyo hivyo nilipokuwa na homa. Nimewalea watoto wangu kwa kiganja hicho. Marblehead wananiuliza nimejifunzia wapi kukausha samaki, nasema kwa mama yangu, mwanamke bora kuliko wote wa pwani hii, nao hawabishi.

Umekufa kwa kushuka pale ufukoni mara mbili kwa siku ili mimi nione. Mara ya kwanza nilinyamaza, ukaniita ukaondoka. Mara ya pili nimeandika, na barua yangu imekutoa nje kwenye mabomu. Sijui nitakaa wapi na jambo hili.

Nisamehe sasa, kama huko mnasameheana.

Mwanao,
Mathurine


Sitahani, bandari ya Louisbourg
14 Agosti 1758

Mwanangu Mathurine,

Salamu kutoka kwa marehemu.

Kaa chini kwanza. Kama umesimama, kaa. Mimi ni mzima. Magoti ni yale yale. Nimekonda, meno nimebakiza ya kunitosha, na mwandiko huu ni wangu kama unavyouona. Kwetu hakuna aliyekufa isipokuwa mpishi wa wakili, maskini, na yeye alikuwa amerudi kutafuta kifuniko.

Nitakueleza yote, usiruke mistari.

Yule ofisa aliyekuwa anasoma barua zetu alikuwa na akili, hilo ndilo lilikuwa tatizo lake. Mabomu yenu yalianza kuanguka karibu na gati. Yeye akakaa na karatasi zake akasoma, asubuhi mweupe, jioni wa kijivu, marundo saba. Akaniita tarehe 8 mchana. "Bibi, unampa adui ishara." Nikamwambia, "Bwana, nakausha samaki." Akasema, "Marundo saba maana yake nini?" Nikamwambia, "Maana yake kulikuwa na ukungu." Akaandika. Nikamwambia mtu yeyote wa kisiwa hiki, hata kichaa, anajua samaki hugeuzwa jioni. Yeye ametoka Paris. Akasema basi kwa nini binti yako anasema anakuona? Hapo alisema kweli. Ilikuwa ishara. Ila ilikuwa ya kwetu wawili.

Wakawachukua samaki wote jikoni kwa askari, kabla hawajaiva, siku sita bado, ulihesabu sawa. Mimi nikawekwa chini ya ngome pamoja na wanawake na watoto, kwenye vyumba vya mawe, na askari mlangoni mwenye amri nisitoke. Nilimwomba ofisa apeleke mstari mmoja tu. Alikubali kwa mdomo. Nikaandika pale pale mbele yake. Mji uliposalimu amri alinirudishia, hakuwa na cha kulinda tena, na nadhani aliona aibu. Naiweka humu ndani. Ni fupi, unaweza kuisoma sasa hivi:

"8 Julai. Mwanangu, wamenikataza samaki. Mimi mzima. Usiutazame ufuo tena, nisubiri tu. Mamako."

Ilikaa mfukoni mwa koti lake siku kumi na nane.

Kule chini sikuona jua wala ufuo. Tulisikia tu. Kila jioni nilijua ni saa ya kugeuza, mikono yangu ilijua, nikawa nakunja na kukunjua blanketi za watoto wa watu mpaka mama zao wakaniambia nipumzike. Nilijua unautazama ufuo mtupu. Nilijua nilivyokuandikia. Sijawahi kujuta neno katika maisha yangu kama lile, na nimesema mengi.

Mlango ulipofunguliwa, tarehe 27, nilishuka kwenye changarawe, nikalipita lile shimo uliloliona, la bomu lililoanguka mimi nikiwa nimeshaondolewa. Nilisimama pale ulipoagiza. Nikaita. Askari wako wa makoti mekundu walikuwa wanaingia mjini kwa ngoma, wakageuka wote kunitazama, kikongwe anayepiga kelele kwa shakwe. Niliita mpaka sauti ikakatika. Kisha nikasema moyoni, amebanwa na kazi, hana mtumbwi, nitakwenda mimi.

Nilivushwa na Mwingereza mmoja aliyeona heri anivushe kuliko aendelee kunisikiliza. Nikaenda moja kwa moja kwenye kamba za nguo. Alikuwepo mwanamke mwekundu mwenye mikono kama ya baharia. Nikamwambia, "Mathurine?" Akaniuliza kitu kwa Kiingereza. Nikajigusa kifuani nikamwambia, "Perrine Lescourt." Beseni likamtoka mikononi. Alikaa chini kwenye maji ya sabuni, mtu mzima, akaanza kulia, na mimi nikajua hupo kabla hajaonyesha bahari kwa kidole.

Siku kumi na moja, Mathurine. Umenipita kwa siku kumi na moja.

Barua yako ya msiba nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya ule mwamba wako. Umenisifu mno. Ungeniambia hayo nikiwa hai ningekukatalia, sasa sijui nifanyeje nayo. Nimeisoma kila siku tangu hapo. Lile la kiganja sikulijua. Nilidhani ulikuwa unakumbuka makofi.

Na sasa nisikilize, maana hili ndilo nililokaa kuandika. Sikushuka ufukoni kwa sababu ya barua yako. Nilikuwa nashuka kabla haijafika. Samaki wangekuwa pale na mimi ningekuwa pale, kwa kuwa sina kazi nyingine ninayoijua. Wewe ulichofanya ni kunipa mtu wa kumgeuzia. Miaka tisa nimegeuza samaki na hakuna anayetazama. Siku kumi na nane nimegeuza na mtu ananitazama. Usiniletee habari za kukaa wapi na jambo hili. Hakuna jambo.

Wanatupeleka Ufaransa wote, kama mara ile. Niliomba nibaki, nikaonyesha kwa mikono kwamba nina binti Marblehead. Karani wao alicheka kwa upole akaandika jina langu kwenye orodha. Nimemwuliza Kezia kwa ishara kama atarudi kwao, akaonyesha vidole viwili, sijui ni wiki au miezi. Amekuja melini kuniaga, na nikimaliza barua hii nitamshonea ndani ya sketi yake mwenyewe. Hatasoma mtu njiani. Ukinijibu, niandikie La Rochelle, mtaa wa mafundi mapipa, kwa dada yangu Renotte. Vita hivi vikikwisha tutaona kama mtu wa miaka sitini na nne anaweza kuvuka tena. Usiandike "marehemu" juu ya bahasha, Renotte ana moyo mdogo. Nataka kujua kuhusu mguu wa Obed. Nataka Perri aweke kiganja chake juu ya karatasi, umchoree.

Nimepanda mwisho tena. Nilipata mahali upande unaotazama mnara wa taa, nikavua shali bila hata kufikiri, nikalitandika ubavuni. Nimekaa hivyo asubuhi nzima. Baadaye amekuja msichana mmoja, mke wa mpiga ngoma, mimba yake ya miezi minane, amesimama ananitazama, anaogopa kuuliza.

Nimelitoa shali, nikamwambia akae, hapana mtu. Wewe nafasi yako unayo, na naijua ilipo.

Mamako